Kiti cha Jirani na Babu wa Miaka 42

Hivi kiti cha jikoni kina mamlaka gani barabarani? Nauliza kwa nia njema tu, maana mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu na sipendi ugomvi. Natoka shifti ya usiku, theluji imemwagika tangu jana jioni, nimezunguka mtaa na gari mpaka taa ya mafuta imewaka, na nafasi ya kupaki iliyobaki ni moja. Imekwanguliwa vizuri, lami inaonekana. Katikati yake kimekaa kiti. Miguu ya chuma imeshika kutu, mmoja umepoteza mpira wake wa chini, kalio ni la plastiki ya njano iliyochanika na sponji linachungulia nje. Hakina namba, hakina bima, hakijawahi kulipa hata faini. Lakini hapa Pittsburgh mtu akishakwangua theluji na kuweka kiti chake, pale pamekuwa shamba la urithi. Polisi wanapita, wanakitazama, wanakipisha.

Nimeshavumilia mengi mji huu. Bili ya gesi ya Januari naivumilia. Madereva wanaofunga breki kila wakiliona handaki la Fort Pitt, handaki ambalo wamelipita maisha yao yote, nawavumilia. Bosi anayepiga simu siku yangu ya kupumzika na kuanza kwa kuniuliza habari za watoto, nikajua tu kuna mtu hajaja kazini, naye namvumilia. Ila kiti, hapana. Nikashuka, bismillahi, nikakinyanyua kwa adabu, nikaanza kukisogeza pembeni.

Mlango wa jirani ukafunguka.

Mzee huyu ana miaka 78. Alikuwa amevaa pajama, buti hazijafungwa kamba, beleshi mkononi, na shingoni kajizungushia lile taulo la njano la Steelers, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ambalo watu wa hapa wanalipunga uwanjani tangu 1975. Nikasema leo nimekwisha. Nikaanza kupanga hotuba kichwani, nianze na ujirani mwema, niende kwenye uchovu wa kazi, nimalizie na sheria za barabarani. Mzee akashuka ngazi taratibu, akanitazama, akakitazama kiti kilichoning'inia mikononi mwangu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Kijana, hebu niambie ukweli. Yule mzee abaki au aondoke?"

Sasa mimi kazi yangu ni kwenye nyumba ya kulea wazee. Usiku kucha nimewageuza, nimewapa dawa, nimemtafuta mmoja aliyeficha meno yake ndani ya soksi. Mtu akiniambia "yule mzee", nina orodha ndefu. Nikajibu kwa moyo safi: "Abaki jamani, baridi yote hii aende wapi?"

Heri ningemgonga na gari.

"Abaki?!" Beleshi likagonga lami. "Rodgers abaki?! Ana miaka 42!"

Ndipo nikaelewa tunazungumzia mpira. Aaron Rodgers, kwotabeki, yule anayekabidhiwa mpira kila mara na kutakiwa aurushe kabla hajalaliwa na watu watano wenye uzito wa ng'ombe. Kidogo nimwambie mzee kwamba sikumaanisha hivyo. Lakini nilikuwa nimeshika kiti cha mwenyewe mkononi. Mtu ukiwa umeshika kiti cha watu, hubadilishi msimamo.

Akaanza. Thelathini kwa sita! Nyumbani! Mechi ya mtoano ya Januari hii ya 2026, Texans wametoka Houston kwenye joto lao, wakatukanda kwenye baridi yetu, na pasi ya mwisho ya babu ikadakwa, wakakimbia nayo mpaka golini. Kesho yake kocha Mike Tomlin akabwaga manyanga baada ya misimu 19. Misimu 19 bila hata mmoja ambao vipigo vilizidi ushindi, na bado watu walikuwa wanamwimbia afukuzwe. Mzee akanihesabia makocha wa Steelers tangu 1969: Noll, Cowher, Tomlin. Watatu. Vidole vikabaki vingi, akashindwa avifanyie nini, akavifutia pua.

"Na alivyotuweka mwaka jana!" Hapo nilimwelewa. Kuanzia Machi 2025 mji mzima ulikuwa unasubiri jibu la Rodgers. Aprili kimya. Mei kimya. Posa gani hiyo, upande wa mwanamume umeshaleta mahari, bibi harusi anasema bado anatafakari? Alikubali Juni, kwa zaidi ya dola milioni 13 kwa msimu mmoja. Na huyu bwana kutafakari kwake si mchezo. Mwaka 2023 alijifungia siku kadhaa kwenye chumba chenye giza totoro huko Oregon ili aamue hatima yake. Kuna watu wanalipia huduma hiyo. Mimi nimekulia Tanga, giza tulikuwa tunaletewa nyumbani, bila kuomba, katikati ya fainali, na hakuna aliyetoka humo ameamua chochote zaidi ya kwenda kununua mshumaa.

Basi nilitakiwa nikubaliane naye nikalale. Lakini kuna kitu kilinikera. Mzee ananiita mimi kijana. Mimi nina miaka 46. Magoti yangu yanajua theluji inakuja kabla ya mtabiri wa televisheni. Ila Rodgers wa miaka 42, ambaye Novemba alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto, akakosa mechi moja tu na kurudi, huyo ndiye babu wa kutupwa. Mimi nikikatwa na karatasi pale kazini naandika maelezo kurasa mbili.

Nikamwambia: "Mzee wangu, ukimfukuza huyu utamweka nani?"

"Kijana!"

"Kijana yupi?"

Akafikiri. Mvuke ukamtoka. "Howard."

Will Howard! Kijana wa watu kachaguliwa mwaka jana, 2025, raundi ya sita ya ule mgao wa vijana wapya ambao timu zinachagua kwa zamu, na msimu mzima hakupewa hata dakika moja ya mechi ya ligi. Hatujui anarushaje, hatujui akikabwa anafanyaje. Ndio mrithi huyo. Hapo mimi ndipo ninapogombana na hawa Steelers, na nilimwambia mzee wazi, kiti nimeshahamishia mkono wa pili maana vidole vilikuwa vinaniaga. Tangu kwotabeki wao Roethlisberger astaafu Januari 2022 baada ya misimu 18, nyumba hii haijalea mtu. Walimchagua Pickett raundi ya kwanza, misimu miwili tu wakamsafirisha Philadelphia. Wakamleta Russell Wilson aliyeachwa na Denver. Wakamleta Justin Fields aliyeachwa na Chicago, kijana huyo, akaanza kwa kushinda mechi nne kati ya sita, wakamweka benchi ampishe Wilson. Mwaka uliofuata wote wawili hawapo, kaja Rodgers aliyeachwa na New York. Wanaokota wazee wa watu, halafu kila Januari wanashangaa kwamba ni wazee. Mechi ya mtoano wameshinda mara ya mwisho Januari 2017!

"Sasa tazama Packers wa Green Bay," nikamwambia, na hapo nilishajisahau kabisa kwamba nina usingizi. "Rodgers mwenyewe walimchagua 2005, akakaa miaka mitatu anamtazama kwotabeki wao mkongwe, Favre. Favre akaaga kwa machozi Machi 2008. Kiangazi akasema nimebadili mawazo. Wakamwambia pole mzee, kitanda kimeshapata mtu, wakampeleka New York. Mwaka 2020 wakamchagua kijana mwingine, Love, akakaa miaka mitatu anamtazama Rodgers. Rodgers akapelekwa wapi?"

"New York," mzee akasema, kwa uchungu.

"New York ile ile! Timu ile ile ya Jets!"

"Akacheza mipira minne mshipa wa kisigino ukakatika."

Tukanyamaza kidogo kwa heshima ya kisigino. Halafu akakumbuka kwamba anamchukia. Mwaka 2011, Super Bowl, yaani fainali ya ligi, Packers 31, Steelers 25, nani aliyewanyoosha? Rodgers huyo huyo. Mzee anasema siku aliyomwona kavaa jezi nyeusi na njano alihisi kama mwizi aliyekuibia redio kaja kuposa binti yako.

Nilitaka kumwambia habari za kipa wetu Kaseja, namna Simba walivyomwona ameisha, na mwaka 2019 akaitwa tena Taifa Stars, akakaa golini siku tunawatoa Burundi kwa matuta. Lakini utaanzia wapi? Nimweleze Simba ni nini, kipa ni nini, Burundi iko wapi, saa moja asubuhi, nyuzijoto chini ya sifuri? Nikaachana nayo. Nikamwambia tu kwamba msimu huu ulikuwa wa wazee. Oktoba, Rodgers wa miaka 41 alikwenda Cincinnati kucheza na Joe Flacco wa miaka 40, na Flacco akashinda 33 kwa 31. Desemba, Indianapolis walimwita Philip Rivers, miaka 44, ameshastaafu karibu miaka mitano, ana mjukuu, babu wa kweli mwenye vyeti. Wamemtoa sebuleni!

"Na walifungwa," mzee akasema.

"Kwa pointi mbili! Huko Seattle! Babu!"

"Kufungwa ni kufungwa."

Hapo uvumilivu ukaniishia, uheshimiwa wote chini. Miguu siisikii. Gari linanguruma, mafuta yanakwenda, na mafuta yenyewe nimekopea wiki. Nikamuuliza, tena kwa sauti: "Mzee, hii nafasi kaikwangua nani?"

"Mimi."

"Una miaka mingapi?"

"Sabini na nane."

"Una wajukuu wangapi, vijana, wenye mabega?"

"Sita."

"Kwa nini hawakukwangua wao?"

Akanitazama vile daktari anavyotazamwa na mgonjwa anayeambiwa aache chumvi. "Hawajui. Wanaacha barafu chini. Mpaka uwafundishe, theluji imeshayeyuka."

Sikusema kitu. Na yeye hakusema kitu. Kwenye dirisha la juu mkewe akagonga kioo, akamwonyesha kichupa cha dawa, mzee akampungia taulo kwamba nakuja.

Ni katika ukimya huo ndipo kigari cha bluu kikatokea kwenye kona, kikapunguza mwendo, kikatuzunguka sisi wawili pamoja na beleshi letu, kikaingia kwenye nafasi. Mkupuo mmoja, hakurudi hata nyuma kujipanga. Akashuka binti wa miaka ishirini hivi, spika masikioni, kikombe cha kahawa mkononi, akatutabasamia, akafunga gari kwa kidude, "tiit", akaenda zake.

Mzee alibaki mdomo wazi. Mimi nilibaki na kiti.

"Hana hata kiti!" akasema.

"Hana," nikasema.

Nilimrudishia kiti chake. Akakipokea, akakikung'uta theluji, akapanda nacho ngazi bila kuaga. Mimi nikaenda kupaki chini ya kilima karibu na kituo cha basi, ambako magari ya theluji hayafiki mpaka kura zikikaribia, nikapanda kilima kwa miguu huku nimeshika uzio wa watu mmoja baada ya mwingine. Nyumba za mji huu zimejengwa na mtu asiyependa wageni. Kila mlango una ngazi thelathini, na mleta barua anazipanda akileta matangazo ya pizza.

Nafika kitandani, simu inaita. Mpwa wangu wa Tanga. Kule ni mchana, mtu ameshakula, anajisikia kuongea. Shikamoo mjomba, marahaba, hali ya huko, nzuri, baridi, ndiyo. Halafu likaja. Anataka jezi. Ya nani? Ya Rodgers, namba 8, kaiona kwenye simu. Nikamwambia mwanangu, usinunue nguo yenye jina la mtu ambaye mpaka sasa hajasema kama anastaafu, anabaki au anaingia tena gizani. Hiyo jezi mwezi ujao inaweza kuwa ya kufutia vumbi. Akasema basi ile ya ubingwa. Ubingwa upi, Steelers mara ya mwisho kuchukua ni msimu wa 2008, wewe bado unanyonya.

Ila alikuwa na hoja, maana fulana za ubingwa wa Steelers Afrika zipo. Hawa jamaa wa ligi kabla ya fainali wanachapa fulana za timu zote mbili, ili mechi ikiisha bingwa avae hapo hapo. Za aliyefungwa wanazifungasha misaada. Mwaka 2011 Rodgers alipomaliza kazi yake, mzigo wa Steelers mabingwa ulipangiwa kwenda nchi kadhaa, Zambia mojawapo. Kwa hiyo inawezekana kuna mzee huko Ndola anayekwenda shamba akiwa na uhakika kifuani kwamba Packers walipigwa. Nilikuwa namweleza mpwa wangu jambo hili kwa utaratibu, maana nililiona ni elimu, mpaka nikasikia upande wa pili watu wanacheka na kijiko kinagonga sahani.

"Mjomba, kwani fulana ndiyo imekuwa ndefu hivyo? Basi acha tu, tuma hela nitanunua huku."