Gari Jipya, Kasoro Ileile: Nani Abebe Mzigo wa Ushahidi?

Aprili 2018, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliiamuru kampuni ya Ford ya nchini humo ilipe faini ya dola milioni 10 za Australia. Kesi ilihusu Fiesta, Focus na EcoSport zenye giaboksi ya PowerShift, inayobadili gia yenyewe. Ubovu wake ulijulikana: gari kutetemeka linapoondoka, gia kukataa kuingia, nguvu kupotea ghafla likiwa barabarani. Lakini kilichoadhibiwa ni namna wateja walivyojibiwa. Kati ya Mei 2015 na Februari 2016, mara nyingi waliorudi kulalamika waliambiwa kwamba mtetemo ule unatokana na jinsi wanavyoendesha, ilhali kampuni ilishajua kwamba tatizo limo ndani ya gari. Ford yenyewe ilikiri mbele ya mahakama kwamba mwenendo wake kwa wateja hao ulikuwa wa kuwaonea.

Kesi hii ina uzito kwangu kwa sababu inamhusu mtu ambaye kwa kawaida hapewi sikio. Mwenye gari jipya anayerudi gereji mara ya tatu kwa tatizo lilelile huonekana msumbufu. Wa mapokezi wanamjua kwa jina, na si kwa wema. Jamaa zake wanamwambia gari ni chuma, chuma huharibika, mbona anajitesa. Mwisho wake hata yeye huanza kujiuliza kama kweli mguu wake una pupa kwenye mafuta. Kule Australia kulikuwa na watu waliojiuliza hivyo, na jibu lilikuwa kwenye klachi na kompyuta ya giaboksi.

Upande wa pili una hoja, na haifai kuupuuza. Waranti si bima. Inamlinda mnunuzi dhidi ya kasoro za malighafi na za uundaji, basi. Brekipedi zilizolika, waipa zilizokauka, klachi iliyochomwa na mwanafunzi wa udereva, tairi lililopasukia shimoni, hayo si mambo ya kiwandani. Wapo pia wanaoongeza nguvu ya injini kwa kubadili programu ya kompyuta ya gari, kisha injini ikianza kugonga wanarudisha programu ya zamani na kuja kaunta na sura ya mtu asiyejua kitu. Volkswagen na Audi wana alama maalumu, TD1, inayobandikwa kwenye kumbukumbu za gari likigundulika kuchezewa programu. Tangu siku hiyo madai ya injini na giaboksi hutazamwa kwa jicho jingine. Sioni ubaya. Kila dai linalolipwa limo tayari ndani ya bei ya gari, na anayeendesha kwa uangalifu ndiye anayemlipia aliyechezea.

Hata fundi anayemkatalia mteja hastahili lawama zote anazopewa. Katika utaratibu ulioenea, kazi ya waranti inalipwa na mtengenezaji kwa saa zilizopangwa kitabuni, si kwa saa fundi alizotumia kweli. Kiwango cha malipo nacho mara nyingi huwa chini ya anacholipa mteja wa kawaida. Majimbo mengi ya Marekani yamelazimika kutunga sheria za kuwabana watengenezaji wawalipe mawakala wao viwango vinavyokaribiana na vya kaunta. Halafu huja ukaguzi: mtengenezaji anapitia karatasi za miezi iliyopita, na dai lisilo na maelezo ya kutosha linakatwa kwenye fedha za gereji. Sasa mpe fundi huyo gari lenye mlio unaosikika asubuhi tu, injini ikiwa baridi, tena si kila asubuhi. Akilisaka tatizo siku nzima, huenda akalipwa saa moja. Akibadilisha spea kwa kubahatisha, huenda mkaguzi akamkata. Njia salama kwake ni kuandika kwamba gari limepimwa na hakuna kilichoonekana.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu maneno hayo, «hatujaona kitu», ndiyo kitovu cha ugomvi wote. Kukataliwa waziwazi kunauma, lakini kuna sababu unayoweza kuibishia. «Hatujaona kitu» hakukatai chochote. Kunakurudisha nyumbani na gari lilelile.

Kasoro ya kuja na kutoweka si hadithi ya watu wenye wasiwasi. Kiungo cha waya kilicholegea hukatika gari likipita kwenye matuta na kushika tena likisimama. Unyevu ukiingia kwenye soketi ya sensa, hukauka kufikia mchana. Klachi kavu iliyopatwa na oili hutetemeka kwenye foleni na kutulia barabara ikifunguka. Magari ya leo yana mfumo wa kujipima, uliolazimishwa Marekani tangu 1996, ambao huhifadhi msimbo wa hitilafu pamoja na picha ya hali ilivyokuwa: mzunguko wa injini, joto, kasi. Lakini mfumo huo ulibuniwa hasa kwa ajili ya moshi na mambo yanayogusa uchafuzi wa hewa. Mlio wa bodi, maji yanayovuja ndani mvua ikinyesha, usukani unaovuta upande mmoja na skrini inayoganda huweza kupita bila kuacha msimbo wowote. Misimbo mingine hujifuta baada ya safari kadhaa zisizo na tatizo. Na fundi akifuta msimbo kabla ya kuunakili, ile picha nayo imekwenda. Mashine isipoonyesha kitu, basi, haina maana kwamba kitu hakipo.

Ubaya wa jibu hili unaonekana vizuri ukilipeleka mbele ya sheria, kwa sababu sheria za kumlinda mnunuzi wa gari jipya zinahesabu. Connecticut ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kutunga sheria ya magari mapya yasiyotengenezeka, mwaka 1982. California inasema kwamba, ndani ya miezi 18 au maili 18,000, mtengenezaji huchukuliwa kuwa ameshapewa nafasi ya kutosha akishajaribu mara nne au zaidi kurekebisha tatizo lilelile, au mara mbili kama tatizo linaweza kuua au kujeruhi vibaya, au gari likishalala gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla. Uingereza, kwa sheria ya 2015, inampa mnunuzi siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro. Zikipita, muuzaji ana nafasi moja tu ya kutengeneza au kubadilisha kabla mnunuzi hajapata haki ya kulikataa au kudai apunguziwe bei. Ukisoma haraka utasema mteja amelindwa mpaka akatosheka.

Lakini jaribio linahesabiwaje pale ambapo hakuna kilichojaribiwa? Mteja amekwenda mara nne. Kwenye kadi ya kazi, ile karatasi inayoandikwa gari likipokelewa, mara ya kwanza imeandikwa «sevisi ya kawaida» kwa sababu alilitaja tatizo kwa mdomo tu. Mara ya pili imeandikwa «limepimwa, liko sawa». Mara ya tatu programu ya kompyuta imesasishwa bila kutaja ni kwa ajili ya nini. Mara ya nne hakupewa karatasi kabisa, kwa kuwa gari halikulala. Yeye ana ziara nne. Kampuni, kwa karatasi zake, ina wasiwasi wa mteja mmoja. Na kadi zilizosema liko sawa, ambazo zilipaswa kuwa ushahidi wake kwamba alirudi na kurudi, zinageuka ushahidi wa kampuni kwamba gari lilikuwa zima. Anayepima gari, anayeandika majibu na atakayeumia majibu yakiwa mabaya wako nyumba moja. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Muda nao unakwenda. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 1999 kanuni kwamba kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita tangu bidhaa ikabidhiwe, itachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo. Agizo la 2019 liliongeza muda huo hadi mwaka mmoja, na kuziruhusu nchi wanachama kufika miaka miwili. Kwa macho ya mtu asiyewahi kupambana na gari bovu, miezi sita na mwaka ni tofauti ndogo. Kwa mwenye kasoro ya kuja na kutoweka, tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe. Na hata mwaka huenda usitoshe. Chukua mtetemo ulioanza mwezi wa nne tangu gari likabidhiwe. Mwenye gari ameripoti mwezi wa tano, hawakuona kitu. Mwezi wa saba gereji imejaa, arudi baadaye. Mwezi wa kumi na tatu mtetemo umekuwa mkubwa kiasi cha kila mtu kuuona, na kwa mara ya kwanza kadi inaandika «giaboksi ina mtetemo». Kwa karatasi, kasoro ilizaliwa mwezi wa kumi na tatu, na mzigo wa kuthibitisha umeshahamia mabegani mwa mtu asiye na mashine wala michoro ya kiwanda.

Watunga sheria wa Uingereza waliliona hili kwa sehemu. Zile siku 30 husimama gari likiwa linatengenezwa, na mnunuzi akirudishiwa likiwa bado bovu hubaki na angalau siku saba za kuamua. Ni kifungu kidogo kilichoandikwa na mtu anayejua gereji zinavyofanya kazi.

Kuna pia kukataliwa kwa aina ya pili, kule kwa «ulifanya sevisi kwingine». Hapa sheria ziko wazi kuliko wateja wengi wanavyodhani. Sheria ya Marekani ya 1975 kuhusu waranti inamkataza mtengenezaji kuifunga waranti kwenye matumizi ya spea zenye jina lake, isipokuwa azitoe bure au apate kibali maalumu. Mwaka 2018 tume inayosimamia biashara nchini humo ilizionya kwa barua kampuni sita kuhusu maneno ya namna hiyo, Hyundai ikiwemo. Hata hivyo, ni kweli pia kwamba haki ya kufanya sevisi popote haimsaidii mtu asiye na risiti hata moja ya oili. Nisingependa kuwa msuluhishi pale injini imekwama na mwenyewe anasema nilibadilisha, niaminini.

Ila hata hapo, hadithi ya injini za Theta II za Hyundai na Kia inanifanya nisite. Mabaki ya chuma yaliyobaki kwenye krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, wakati wa kuchongwa kiwandani yaliweza kuziba njia za oili, beringi zikalika, injini ikagonga na hatimaye kukwama. Kwa macho tu, injini iliyokosa oili kwa uzembe wa mwenyewe na iliyonyimwa oili na takataka za kiwandani zinafanana sana. Magari yalianza kuitwa kurudishwa Marekani mwaka 2015, na mwaka 2020 kampuni hizo mbili zilikubaliana na mamlaka ya usalama barabarani adhabu zinazofikia dola milioni 210, kwa sababu ya kuchelewa na dosari katika kuyaita magari hayo. Injini hizo pia zilipewa waranti ya maisha, isipokuwa kwa uzembe uliopitiliza. Ona mizani ilivyogeuka: uzembe wa kawaida haukutosha tena kumnyima mtu, kwa kuwa ilishajulikana chanzo kilipo. Kabla hakijajulikana, ni nani aliyekuwa akibeba shaka ile?

Mara nyingi swali hilo hujibiwa na kelele. Aprili 2019, mjini Xi'an nchini China, mwanamke aliyenunua Mercedes-Benz mpya iliyovuja oili kabla hata haijatoka kwa muuzaji alipanda juu ya boneti ndani ya duka na kulia, baada ya mazungumzo ya kurudishiwa fedha kugeuka kuwa ahadi ya kubadilishiwa injini tu. Video ikasambaa nchi nzima, suluhu ikapatikana haraka, na muuzaji akatozwa faini. Miaka sita kabla yake, nchini humohumo, Volkswagen iliita magari 384,181 kwa sababu ya giaboksi za DSG, nazo za kubadili gia zenyewe, muda mfupi baada ya televisheni ya taifa kuwaonyesha wenye magari wakilalamika. Wapo wanaoyasifu matukio haya kama nguvu ya mteja. Mimi naona mfumo unaomlipa anayepiga kelele na kumwacha mwenye haya, mwenye kazi ya zamu, au asiyependa kulia mbele ya simu za watu.

Kwa hiyo nikisema nipo upande wa mwenye gari, sidai kila dai lilipwe. Nataka mambo mawili madogo yawe ya lazima. Kila ziara iandikwe kwa maneno ya mteja mwenyewe, «hutetemeka gia ya pili injini ikiwa baridi», na ihesabiwe kuwa jaribio hata kama fundi hakuona kitu. Na kila kukataa kutolewe kwa maandishi, kukitaja kilichopimwa, kilichopatikana na kifungu cha waranti kinachotumika. Wenye gereji watasema hayo yanawaongezea kazi, na ni kweli. Watasema pia kwamba mtu anaweza kwenda mara nne kwa mlio wa kubuni ili arudishe gari asilolipenda tena. Huyo yupo, lakini kurudi gereji mara nne kwa jambo la uongo ni adhabu ambayo wachache wangeichagua, na bado kampuni ingekuwa na nafasi ya kumuumbua kwa vipimo.

Mpaka hapo, anayeona karatasi haiandikwi anaweza kutuma barua pepe siku hiyohiyo, akieleza alichokiripoti na alichojibiwa, na kuambatanisha video inayoonyesha tatizo pamoja na kilomita za dashibodi. Aombe pia fundi aende naye barabarani gari likiwa katika hali ileile linamosumbua, hata kama ni kulilaza gereji usiku ili liwashwe baridi asubuhi. Ni kazi ya kuchosha kwa mtu aliyelipa bei ya gari jipya ili asijuane na gereji, na ndiyo maana nasema isingepaswa kuwa yake.