Nani ana haki ya kuizima redio?

Tarehe 25 Juni 2025 vijana walijaa barabara za Nairobi kuwakumbuka wenzao waliouawa mwaka mmoja kabla, kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Siku hiyo Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa amri kwamba vituo vyote vya televisheni na redio viache kutangaza maandamano hayo moja kwa moja. NTV na KTN zikazimwa. Haukupita muda mrefu kabla Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu hajaisimamisha amri ile na kuagiza mitambo irudishwe. Jaji huyo huyo ndiye aliyetoa agizo kama hilo Februari 2018, serikali ilipozifunga runinga kwa sababu ya Raila Odinga kujiapisha Uhuru Park, na mara ile agizo la mahakama lilipuuzwa kwa siku kadhaa.

Mjadala wote ulielekea kwenye televisheni. Mimi nataka kuzungumzia redio, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye matatu, kwenye karakana za jua kali Gikomba, na kwenye simu ya bawabu anayekesha Kilimani. Pia ndiyo inayoipa serikali hoja yake nzito zaidi.

Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilipokusanya ushahidi mwaka 2008, mashahidi wengi walilalamikia redio zinazotangaza kwa lugha za kikabila. Kass FM ndiyo iliyotajwa zaidi. Kameme na Inooro nazo zililalamikiwa, ingawa si mara nyingi kama hiyo. Kipindi cha kupokea simu kina hatari yake: msikilizaji anapiga, anazungumza kwa mafumbo ambayo mtu asiyeijua lugha hiyo hawezi kuyanasa, na kabla mtangazaji hajamkata, maneno yameshafika sokoni. Majirani zetu wa Rwanda waliona mwaka 1994 jinsi kituo cha redio cha RTLM kilivyohimiza mauaji hewani. Anayesema kila udhibiti wa redio ni udikteta hajaikabili historia hiyo.

Lakini tuangalie serikali ilifanya nini hatari ilipokuwa imetufikia. Tarehe 30 Desemba 2007 ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwanzoni mwa Februari. Mauaji mengi yalitokea ndani ya kipindi hicho. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na watu ndani yake tarehe 1 Januari, marufuku ikiwa kazini. Uvumi ulihamia kwenye ujumbe wa simu, ambako hapakuwa na mhariri wa kuuliza habari imetoka wapi. Wakati huo huo Pamoja FM, kituo kidogo cha jamii cha Kibra, kilitumia hewa yake kuwasihi wakazi wadumishe amani. Marufuku ya jumla haiwezi kumtofautisha mchochezi na mpatanishi. Inawanyamazisha wote wawili, na mchochezi ndiye mwenye njia nyingine.

Wala hatukuwahi kupata hukumu. Mtangazaji Joshua Sang wa Kass FM alipelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, kesi yake ikaanza Septemba 2013, na Aprili 2016 ikasitishwa bila yeye kutiwa hatiani wala kuachiliwa kama asiye na hatia. Mmoja wa majaji alisema mashahidi waliingiliwa na siasa zikaingizwa. Nchi hii iliumia kiasi kile na mpaka leo hatuna uamuzi wa mahakama unaomwambia mtangazaji: maneno haya ni ukali wa siasa, haya ni uchochezi. Sheria yenyewe ipo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni moja, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kazi ya kuyathibitisha maneno mbele ya hakimu ni ngumu. Kuzima mtambo ni rahisi, kwa hiyo mtambo ndio unaozimwa.

Ndiyo maana nashauri amri ya Juni 2025 isomwe pamoja na Katiba. Ilitaja Ibara ya 33(2) na ya 34(1). Ibara ya 33(2) inaondoa ulinzi kwa propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Mwandishi anayeeleza kwamba vitoa machozi vinarushwa Kenyatta Avenue yumo katika lipi kati ya hayo? Halafu amri ikasimama kwenye 34(1), hatua moja kabla ya 34(2), inayokataza Dola kudhibiti au kuingilia utangazaji, au kumwadhibu mtu kwa maoni au maudhui aliyotangaza. Sioni jinsi mwanasheria wa Mamlaka alivyoweza kusoma kifungu kimoja na kukiacha kinachofuata.

Hata hivyo, Mamlaka hiyo hiyo iliwahi kutenda jambo ninaloliunga mkono. Machi 2021 watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha redio ya Homeboyz walizungumza kuhusu mwanamke aliyeripotiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12, nao wakamlaumu yeye. Mamlaka ilitoza faini ya shilingi milioni moja na kusimamisha kipindi hicho kwa miezi sita. Miezi sita naiona mingi. Lakini maneno yalijulikana, kipindi kilijulikana, na vipindi vingine vya kituo hicho viliendelea kusikika. Isitoshe, hasira za wasikilizaji zilikuwa zimeshazitikisa kampuni zinazolipia matangazo, na watangazaji wale wa kipindi wakafutwa kazi.

Shinikizo ninalolihofia kuliko yote halimzimi mtu yeyote. Machi 2024 wizara na mashirika ya umma viliagizwa kupeleka matangazo yao yote ya kulipia ya redio na televisheni KBC, shirika la utangazaji la taifa. Serikali ina haki ya kuimarisha shirika la umma, na sitaki KBC ife. Ila serikali ni mteja mkubwa mno kwa vyombo vya habari vya nchi hii. Inapoamua nani apate tangazo, meneja wa kituo kidogo hupiga hesabu zake kabla mtangazaji hajafungua kipaza sauti. Kipindi ambacho hakikutengenezwa hakina wakili, na hakuna jaji atakayeagiza kirudishwe hewani. Tumewahi kuishi na sauti moja. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi walikimbilia Sauti ya Kenya, redio ya serikali, na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela asome tangazo lao, kwa kuwa aliyeshika kipaza sauti kile alikuwa ameishika nchi nzima. Redio ya kwanza ya binafsi ilikuja mwaka 1996.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na kanuni zinaweza kuandikwa sasa. Amri yoyote ya kumnyamazisha mtangazaji itaje kituo, kipindi, saa na maneno yenyewe, na ipite kwa jaji kabla mtu hajaugusa mtambo. Maafisa watajibu kwamba dharura haingoji mahakama. Juni 2025 Mahakama Kuu iliamua kwa haraka. Mamlaka ndiyo iliyochagua kutoanzia huko.