Sindimba Haimo Kwenye Damu

Kuna sentensi moja imenichosha. Husemwa na mgeni aliyesimama pembeni ya uwanja, simu juu, anarekodi: "Hawa Wamakonde bwana, ngoma iko kwenye damu." Nasi wenyeji tunachekelea, tunaona tumesifiwa. Mimi sifa hiyo siipokei. Nimekulia Mtwara mjini, na nimeona watoto wa hapa Shangani, baba wa Newala, mama wa Tandahimba, wakisimama mbele ya sindimba, ngoma yetu ya Wamakonde, wameduwaa sawasawa na huyo mgeni. Damu wanayo. Walichokosa ni kingine, na watafiti wa ubongo wamekikaribia kuliko sisi tunaojisifu.

Ubongo haukai ukingoja sauti iingie ndipo uichambue. Unabashiri. Ukishasikia mapigo mawili matatu, umeshajua la nne linatua wapi, na likikosekana unashtuka kabla mwenye kichwa hajatambua kitu. Risto Näätänen wa Finland na wenzake walionyesha tangu 1978 kwamba mshtuko wa namna hiyo unaonekana katika umeme wa ubongo, hata kama mtu mawazo yake yako kwingine. Mwaka 2009 István Winkler na wenzake wakatangaza jambo zito zaidi: waliwapigia vichanga wa siku mbili tatu mdundo wa ngoma wakiwa usingizini, kisha wakaondoa lile pigo zito linaloanzisha mzunguko. Ubongo wa vichanga ukaonyesha kwamba kuna kitu kimepungua. Utafiti huo ulifanyika Hungary, kwa hiyo hapakuwa na Mmakonde hata mmoja.

Kumbe kila mtoto huzaliwa na uwezo wa kulishika pigo. Kinachotutenganisha kinakuja baadaye, na kinakuja mapema kuliko tunavyodhani. Erin Hannon na Sandra Trehub walieleza mwaka 2005 jinsi watoto wa miezi sita wa Amerika Kaskazini walivyoweza kugundua kosa katika midundo ya Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, ile yenye hatua zisizo sawa, ilhali watu wazima wa hukohuko wakashindwa. Wakifika miezi kumi na miwili watoto nao wanaanza kushindwa. Ila hao wa mwaka mmoja, wakisikilizishwa nyumbani kwa wiki mbili tu, uwezo ulirudi. Watu wazima waliosikilizishwa hivyohivyo haukuwarudia.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor wa Kanada, mwaka huohuo 2005. Waliwarusharusha watoto wa miezi saba juu chini huku mdundo ukipigwa, mdundo usio na pigo zito popote. Wengine walirushwa kila pigo la pili, wengine kila la tatu. Baadaye waliposikilizishwa midundo yenye pigo zito, kwa jumla watoto walipendelea kuusikiliza ule uliolingana na walivyorushwa. Mdundo ulikuwa uleule. Mwili ndio uliwaamulia wanasikia nini. Na watoto waliokaa tu wakimtazama mtu mwingine akirukaruka hawakupata kitu.

Hapo ndipo nilipoielewa kanga.

Mama wa uwanda wa Makonde akienda ngomani hamwachi mtoto nyumbani. Anamfunga mgongoni, kanga inakazwa kifuani, na akianza kucheza kichwa cha mtoto kinagongagonga katikati ya mabega yake. Sasa fikiria kinachopigwa. Ngoma kubwa iko chini, inatembea kwa hatua mbili mbili. Juu yake kuna chinganga, kile kigoma chembamba chenye mguu uliochongoka unaochomekwa mchangani, kinachopigwa kwa vijiti virefu, chenyewe kinagawa hatua ileile kwa tatu. Mgeni anasikia fujo, hajui akanyage wapi. Mtoto wa mgongoni hana haja ya kuuliza: kiuno cha mama kinambembeleza kwa mbili, sikio linapokea tatu, na vyote viwili vinaingia pamoja kabla hajajua kusema "mama". Anayesema ngoma iko kwenye damu angesogea nusu hatua tu angepatia. Iko mgongoni.

Niliwahi kumuuliza fundi mmoja wa Naliendele wanafunzi wake wanajuaje pa kuingilia. Alikuwa anapasha ngozi kwenye moto wa makuti makavu, anageuza ngoma, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anarudisha motoni. Hakuniangalia. "Mwanangu, asiyejua pa kuingilia hafundishwi na mimi. Alitakiwa afundishwe na bibi yake." Nilidhani ananijibu kwa kiburi cha mafundi. Siku hizi namwona anakubaliana na Wakanada.

Na utamu je? Huo nao unatoka humohumo kwenye kubashiri. Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao kule Montreal walipima mwaka 2011 ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki unaowasisimua hadi vinyweleo kusimama. Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha, ilimwagika mara mbili, katika sehemu mbili tofauti za ndani ya ubongo: kwanza kwenye ile iitwayo kodeti, wakati msikilizaji anajua kile kipande kinakuja, kisha kwenye ile iitwayo akumbensi kinapofika. Yaani kungoja kuna utamu wake, na kufika kuna wake. (Kwa hiyo DJ wa harusi anayekata wimbo wa dansi waimbaji wakiwa ndiyo kwanza wanamaliza, gitaa la solo limeshaita chemko, ile sehemu ya kasi, na watu wameshavua viatu, anastahili kukatwa posho.)

Maria Witek na wenzake nao waliwasikilizisha watu vipande vya dramu mwaka 2014, vingine vyepesi kubashiri, vingine vimejaa mapigo yanayokwepa pale ulipoyatarajia. Hamu kubwa ya kucheza haikuwa kwenye vile rahisi wala vile vilivyovurugika kabisa, ilikuwa katikati. Ila swali langu mimi ni katikati ya nani? Kwa bibi wa Kitangari, sindimba ipo palepale panapotakiwa: anabashiri, anakosea kidogo, anafurahi. Kwa mjukuu aliyelelewa na katuni za televisheni sindimba imevuka mpaka, hana pa kushika. Tunamwita mvivu wa mila. Ubongo wake unafanya kazi vizuri tu, haukupewa cha kubashiria.

Wapo kweli ambao muziki wowote hauwagusi, masikio mazima na furaha nyingine wanazo. Watafiti wa Barcelona waliwaeleza mwaka 2014. Shemeji yako asipoinuka kwenye kiti, mwache.

Tunachofanya sasa ni kumwacha mtoto hadi darasa la tano, halafu Mwenge wa Uhuru ukikaribia anakusanywa uwanjani na kufundishwa sindimba kwa kuhesabiwa: moja, mbili, tatu, nne, geuka. Anakariri hatua. Macho yako kwa mwalimu, njuga za miguuni zinalia nyuma ya ngoma. Mgeni rasmi anapiga makofi, tunasema mila imehifadhiwa. Mimi naona tumehifadhi sare.

Najua wapo wanaosema ngoma si mahali pa mtoto, na kuhusu nyimbo fulani za unyago wana haki yao. Lakini zipo ngoma za mavuno, za harusi, za kumpokea mgeni, ambazo mtoto mchanga hana cha kuharibikiwa. Mpelekeni akiwa bado anabebeka. Nina sharti moja tu, na hili nalisema kwa ukali: si mbele ya spika. Siku hizi ngoma inawekewa maikrofoni, sauti inatoka kwenye maboksi yaliyopangwa kama nyumba, na akina mama wanasimama hapohapo na watoto. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikiharibiwa na kelele havioti tena kwa binadamu. Kama kuna spika, kaeni upande wa wapigaji, nyuma ya hiyo spika, au mwambieni fundi mitambo azime. Chinganga husikika bila umeme.