Maabara ya sauti: Dar tusianze na chumba, tuanze na bomba

Wageni kutoka nyumbani wakifika maabara ya sauti ya chuo huku Ujerumani, wote hupigia picha palepale: chumba kisicho na mwangwi. Kizuri kweli, lakini kwa chuo cha Dar es Salaam kingekuwa kitu cha mwisho kununua. Kabari za kufyonza sauti zinatakiwa zifikie robo ya urefu wa wimbi. Ukitaka kushuka hadi hezi 100, wimbi ni mita 3.4, basi kabari zitakula sentimita 85 kila upande, sakafuni na darini pia. Na hapo hujajenga ukuta wa kuzuia honi za daladala.

Hata bila chumba hicho, spika inapimika uwanjani, usiku. Ipandishe pamoja na maikrofoni mita 3 kutoka ardhini, mita 1 kati yao. Sauti iliyogonga ardhi itachelewa milisekunde 14.5 hivi, ikate kwenye programu. Kipande kinachobaki ni kifupi, kwa hiyo chini ya hezi 70 usiamini kitu. Upepo wa bahari ukivuma, ahirisha.

Pesa iende kwenye bomba la chuma nene, kipenyo cha ndani sentimita 10: spika mwanzoni, sampuli ya kitu unachopima mwishoni ikiegemea kizibo kizito, maikrofoni mbili ubavuni. Linapima hadi karibu hezi 2,000, linatosha kabisa kujua katani ya Tanga au makumbi ya nazi yanafyonza sauti kiasi gani. Shida huwa kwenye kukata sampuli. Ikilegea, sauti hupenya pembeni na namba zinadanganya. Ikibanwa sana, inatetemeka kama ngozi ya ngoma. Iingie kwa kidole tu, mwanya uzibwe na vaselini.

Wanachotuzidi huku hasa ni kalibreta, kifaa kinachoipa maikrofoni sauti ya kiwango kinachojulikana ili kuihakiki: desibeli 94, hezi 1,000, kabla na baada ya kila kipimo, na namba inaandikwa. Dar, juu ya hayo, kuna unyevu. Maikrofoni za kondensa zinazolishwa volti 200 zikiingiwa na unyevu hutoa kelele za kupasukapasuka kama mahindi ya bisi. Bora zenye chaji ya kudumu, zilale kwenye ndoo ya mfuniko wa kubana yenye vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Joto nalo liandikwe. Kwenye nyuzi 30 sauti husafiri mita 349 kwa sekunde. Ukiacha 343 ya vitabuni, hesabu za bomba zimeshapinda. AC izimwe wakati wa kupima tu; ikikaa imezimwa muda mrefu, joto la ndani ya bomba litakuwa limeshapita lile uliloandika.