Githongo, Munyakei na tuhuma ya usaliti

Miongoni mwetu Wakenya tunaoishi Uingereza, ukilitaja jina la John Githongo, hasa mbele ya wazee wa Mlima Kenya, hutakosa atakayesema kwamba kijana yule alimsaliti mzee. Mwaka 2003 mzee huyo, Rais Mwai Kibaki, aliyetoka eneo hilohilo la Mlima Kenya, alimteua kuwa Katibu wa Kudumu wa kusimamia maadili na kumpa ofisi Ikulu. Februari 2005 akajiuzulu akiwa London, na mwaka uliofuata taarifa yake kuhusu mikataba ya Anglo Leasing, ambayo serikali iliyaahidi makampuni hewa mamilioni ya fedha, ikafika magazetini, pamoja na habari kwamba alikuwa amerekodi kwa siri mazungumzo yake na wakubwa serikalini.

Mimi naona alitenda haki, na sababu yangu haianzii kwenye wingi wa fedha. Kwa maelezo yake, alikuwa amemwarifu rais mara kwa mara kabla ya kuitoa habari hiyo nje. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mwenye siri ya namna hiyo akinyamaza baada ya kupuuzwa, anakuwa mshirika. Kurekodi wenzako kwa siri kunachukiza, nami nisingependa kufanyiwa, lakini bila ushahidi angeitwa mwongo badala ya msaliti.

Katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, kando ya friji ya wafanyakazi pamebandikwa karatasi yenye nambari ya kupiga ukiona mzee ananyanyaswa au dawa zinapotea, hata kama mhusika ni meneja. Iko sheria ya mwaka 1998 inayomkinga anayepiga simu hiyo. Wanaomlaani Githongo nao wanafanya kazi chini ya karatasi kama hiyo, na sijasikia hata mmoja akisema kwamba mpiga simu kamsaliti meneja. Nyumbani tumezoea kumhesabu rais kuwa mzee wa ukoo, na ya ukoo hayatolewi nje.

Si kwamba Waingereza ni malaika. Mwaka 1984 Clive Ponting, ofisa wa Wizara ya Ulinzi, alimpelekea mbunge nyaraka kuhusu Belgrano, meli ya kivita ya Argentina iliyozamishwa na Waingereza vitani mwaka 1982, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Alijitetea kwamba alifanya hivyo kwa maslahi ya taifa, lakini jaji aliwaambia wazee wa baraza, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, kwamba maslahi ya taifa ni yale yanayoamuliwa na serikali iliyopo. Wao wakamwachilia huru Februari 1985. Serikali ikajibu kwa sheria mpya ya 1989 iliyoufunga mlango huo wa kujitetea.

David Munyakei hakuwa na mlango wowote. Alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyeona kwa macho yake malipo ya Goldenberg, kampuni iliyolipwa fidia kwa kudai kuuza nje dhahabu na almasi ambazo nchi yetu karibu haina, naye akawapa wabunge wa upinzani nyaraka. Alikamatwa mwaka 1993 na kushtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, iliyofuata mfano wa ile ya Waingereza. Mashtaka yakafutwa, lakini kazi ikapotea. Serikali mpya ya Kibaki iliunda tume ya kuichunguza Goldenberg mwaka 2003, na Munyakei akatunukiwa tuzo ya uadilifu, ila hakuna aliyemrudisha kazini. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.