Mjukuu wa Manamba Anatafuta Namba

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, mzee wa rika la baba yangu, kwenye ofisi moja hapa Tanga kufuatilia namba ya kitambulisho cha taifa. Safari ya nne hiyo. Kijana wa dirishani, hata shikamoo hakutoa, akauliza: "Babu yako alizaliwa wapi?" Mzee akasema kweli, na kweli ikamponza. "Msumbiji, mwanangu. Alikuja kukata mkonge." Fomu ikarudishwa.

Acheni nicheke kwa hasira. Babu huyo alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye shamba la mkonge, na manamba waliitwa hivyo kwa sababu shambani mtu alikuwa namba, jina halikuwa na kazi. Leo mjukuu anaomba namba, ananyimwa!

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, asili yake Mexico, miche 62 tu ikafika hai. Mbona hatuuulizi babu yake?

Sheria ya uraia ya 1961 ilimpa uraia moja kwa moja aliyezaliwa Tanganyika, mradi mzazi wake mmoja naye awe kazaliwa Tanganyika. Sawa. Lakini mtoto wa kambi ya mkonge, baba na mama wote wameletwa na mkonge, alisimama wapi? Nani alikwenda kambini kumweleza mkata mkonge habari za kujiandikisha kuwa raia?

Na msiniambie serikali haina kumbukumbu. Inayo, inachagua. Nendeni Chogo, Handeni. Wazigua ambao mababu zao waliuzwa Somalia karne ya 19 walikimbia vita vya 1991, wakarudi na Kizigua chao mdomoni. Wakapewa ardhi, wakafunguliwa mlango wa uraia. Nilifurahi na bado nafurahi. Ila hadithi ile ni tamu kuisimulia: ndugu waliopotea wamerudi. Ya manamba inatuumbua, maana walifanya kazi ambayo wenyeji wengi waliikimbia, na mjini tukawacheka kwa chale zao.

Hata Kenya, tunaopenda kuwasema, mwaka 2017 waliwatambua Wamakonde wao, nao wenye asili ya Msumbiji, kuwa kabila la 43, baada ya Wamakonde hao kutembea kwa miguu kutoka Kwale mpaka Nairobi.

Haya, nakubali, mpaka wetu na Kenya pale Horohoro una njia za panya na ofisa lazima aulize. Aulize basi kwa adabu.

Jumanne tunarudi. Mzee ametakiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu.