Namba ya monosaiti isimrudishe mgonjwa nyumbani

Mgonjwa wa homa akifika kitengo cha dharura, damu yake hutiwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kisha hupelekwa kwenye mashine ya picha kamili ya damu. Baadhi ya mashine za siku hizi hazihesabu chembe tu, hupima pia jinsi monosaiti zinavyopishana ukubwa. Hizi ni chembe nyeupe ambazo hushtuka mapema maambukizi yanapoingia mwilini, na baadhi yake huvimba kuliko wenzake. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kipimo hicho kwa watu wazima wanaofika dharura. Namba ikivuka 20, daktari ashuku sepsisi, yaani hali ya hatari ambapo mwili, ukipambana na maambukizi, huanza kuviumiza viungo vyake wenyewe.

Faida yake ni kubwa. Damu ni ileile moja, na majibu hutoka ndani ya dakika chache, ilhali kuotesha vijidudu huchukua siku kadhaa. Sepsisi haingoji. Mwaka 2017 pekee ilikadiriwa kuhusika na vifo milioni 11 duniani.

Lakini tupige hesabu. Chukulia wagonjwa 200, kati yao 20 wana sepsisi, na kipimo kinapatia mara tatu kati ya nne, kwa wagonjwa na kwa wasio nayo. Kitawanasa 15, kisha kitawashuku bure 45. Hao 45 huenda wakachomwa antibayotiki wasizozihitaji, nasi tunajua usugu wa dawa ulipotufikisha. Malaria na UVIKO-19 navyo huzivuruga monosaiti, kwa hiyo Kisumu au Kigoma namba hiyo haiwezi kusomwa kama inavyosomwa Chicago.

Wanaonitia hofu zaidi ni wale watano waliopita bila kunaswa. Karatasi inasema 18, mtu anaambiwa akapumzike nyumbani, na kumbe anahema mara 28 kwa dakika, vidole vimepoa, na tangu asubuhi hajapata mkojo. Dalili hizo muuguzi wa zahanati huziona kwa saa ya mkononi na kwa kumgusa mgonjwa.

Kwa hiyo nakiunga mkono kipimo hiki kwa kazi moja: kumwita daktari kitandani haraka. Kisitumike kumruhusu mtu aende. Na maabara zitakazokianzisha, fomu zao ziwe na nafasi ya kasi ya pumzi na presha pembeni ya namba hiyo, zijazwe kabla jibu halijasomwa.